Juzuu ya Pili

"Kware, mzee yuko peke yake. Ingia."

"Nimesikia, Mlima."

Atusaye alizima redio yake ya mkononi, Motorola, akakagua bastola, akashuka kwenye Landrova. Saa nne asubuhi, Julai 1994, upepo wa Sumbawanga ulikuwa unakata masikio. Ndani ya koti alificha kitabu kimoja kikuukuu.

Kitabu hicho ndicho kilichomweka Ignasi hai.

Ignasi, mpelelezi mwenzake, alikuwa amejipenyeza katika chama cha wenye maktaba za nyumbani. Mwenyekiti wao, Mwalimu Clemens wa Izia, tangu biashara iachiwe huru alikuwa akisafirisha mahindi kwa malori, na chini ya mahindi bunduki kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwa desturi ya chama, mwanachama mpya huazimwa kitabu kimoja kwa wiki moja. Ignasi akachagua juzuu ya pili ya safari za mapadri wa kwanza Ufipa, akaiacha kwa Atusaye.

Alhamisi watu wa Clemens wakamkamata.

Walipopekua chumba chake walibeba vitabu vyote, wakaiacha redio yake ya mawasiliano mezani. Atusaye alipoiona redio ile alielewa: walitaka kitabu tu. Seti ya juzuu nne ilikuwa na pengo, na Clemens hawezi kuua mtu anayejua juzuu yake iko wapi. Upumbavu wa namna hiyo unataka msomi.

Alimkuta kando ya jiko la mkaa, blanketi mabegani.

"Shikamoo, Mwalimu." Bastola ilitangulia.

"Marahaba, mwanangu. Weka chini hicho chuma. Mimi nimeshazeeka, sitishiki."

"Najua."

Akatoa kitabu.

"Ignasi yuko wapi?"

"Simjui."

Chwaa! Ukurasa wa kwanza ukaangukia makaa.

"Binti, una wazimu? Nchi nzima hakuna kingine!"

"Yuko wapi?"

Chwaa! Ramani ya bonde la Rukwa ikajikunja, ikawaka.

Clemens aliangua kilio kama aliyefiwa. Atusaye alifurahi. Alifurahi sana, wala hakuona haya.

"Kizwite! Godauni nyuma ya mashine ya kusaga. Yumo humo na mzigo. Basi, mama, basi!"

Atusaye akawasha Motorola. "Mlima, Kizwite. Godauni nyuma ya mashine ya kusaga. Haraka."

Wakasubiri. Mzee alikuwa akichokoa majivu kwa kucha.

Motorola ikakoroma.

"Kware, bunduki zote tunazo. Ignasi yuko hai."

"Mzima?"

"Mkono wa kulia hauna vidole. Wamevikata kimoja kimoja, wakimuuliza habari za kitabu."

"Nimesikia."

Clemens alinyoosha mikono yote miwili. "Nimesema ukweli, mwanangu. Nirudishie."

"Haki yako, Mwalimu."

Akampa. Mzee akaikumbatia juzuu ya pili kifuani.

Atusaye akafungua kabati. Akachomoa ya kwanza, ya tatu na ya nne. Akazitia motoni zote tatu, akasimama mpaka majalada yaliposhika moto vizuri.

Polisi walipoingia na pingu, yeye alikuwa anawasha Landrova.