Kiti cha Mbele, Upande wa Kushoto

Habari hii nilisimuliwa na mjukuu wangu wa kike likizo iliyopita, tukichambua mchele ukumbini, yeye na ungo wake, mimi na wangu. Nilikuwa nimemuuliza jambo lililonikera siku nyingi.

"Hivi nyinyi wa chuo kikuu, mbona nasikia mihadhara hamuingii? Mmekwenda kufanya nini huko?"

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Bibi, kila mtu na lake. Kuna anayelala. Kuna mwenye kibarua asubuhi. Kuna mwalimu anayesoma karatasi ileile aliyowasomea wazazi wetu, mtu anaona bora abaki na chai yake. Lakini kuna mmoja, Bibi, huyo acha nikwambie."

Akianza na "acha nikwambie", najua jambo limeshafika moyoni. Nikaweka ungo chini nikasikiliza. Mengine alikuja kuniongezea kijana mwenyewe, na nimeyatia humuhumu.

Chuoni mjukuu wangu wanamwita Kiherehere. Ndiye wa kwanza kufika, anakaa mbele kabisa, na kalamu yake haipumziki. Huandika hata yasiyoandikwa. Pembeni mwa ukurasa utakuta: "Hapa mwalimu alikohoa." "Hapa alisema mkewe ndiye anayejua hesabu, darasa zima likacheka."

Siku moja karibu na majaribio alikwenda kwenye chumba cha kutolea kopi. Watu walijaa mpaka mlangoni, mashine inanguruma, joto la karatasi linapiga usoni. Kiherehere alivaa gauni la kijani lenye mkanda, nywele kazisuka kwa nyuma. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ina mistari ya heshima.

"Kaka, sogea kidogo, unanikanyaga," Kiherehere alimwambia akiwa upande wake wa kushoto.

Kijana kimya.

"Kaka! Au mguu wangu umekuwa zulia?"

Kimya. Ndipo akamgusa begani, na yule kijana akageuka mzimamzima, akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto.

"Samahani sana dada yangu. Nimekuumiza?"

"Umeniumiza na umenidharau."

Fundi wa kopi akaangua kicheko nyuma ya mashine. "Kiherehere, usimgombeze huyo. Huyo ndiye mteja wa mwandiko wako tangu mwaka uanze. Kila ukileta daftari nikutolee kopi, naye huja kuchukua yake."

"Mimi? Nani kamruhusu?"

"Ni wewe?" Kijana alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mwezi mchana. "Wewe ndiye unayeandika kikohozi cha mwalimu?"

"Na wewe ndiye Mgeni!" Kiherehere alimtambua. Darasa zima lilimwita hivyo, kwa sababu alionekana siku za majaribio tu, kama mgeni wa harusi. Na kilichowachoma wenzake, alama zake zilikuwa nzuri. "Kumbe unafaulu kwa mgongo wangu!"

"Kwa mgongo wako, na kwa mikono yako, Mungu aibariki."

"Mjanja wewe. Mihadhara unaiona ina miiba?"

"Nikiingia," alisema Mgeni akitabasamu, "nani atanisimulia vizuri hivi?"

Mapenzi yao yakaanza hivyo, penye kelele za mashine. Jioni walitembea kwenye njia ya nyuma ya mabweni. Mgeni kila mara alizunguka ili Kiherehere awe kuliani kwake. Akijisahau akaenda kushoto, Mgeni anazunguka tena.

"Una nini wewe, mbona unanizunguka kama jogoo?"

"Nataka nikuone vizuri, malkia."

"Hapa kushoto sionekani?"

"Unaonekana nusu. Mimi nakutaka mzima."

Usiku simu haikukauka. Na kwenye simu Mgeni alikuwa bingwa, hakuna neno lililompita.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe umesoma?"

"Nimesoma ukurasa ulimochora sura ya mwalimu. Masikio umemzidishia."

"Njoo basi umwone mwenyewe! Kesho tuingie wote, tafadhali. Mwalimu wa takwimu amesema asiyeonekana kuanzia sasa hatafanya mtihani. Utapoteza mwaka mzima, mpenzi. Kwa nini hutaki?"

"Nitakuja," Mgeni alisema. "Kwa ajili yako nitakuja."

Na kweli alikuja, ila alichelewa, na ukumbi ulikuwa umefurika mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Kiherehere alikuwa mbele na rafiki yake, yule wanayemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Alimwona Mgeni amesimama kwenye mlango wa nyuma, anaangaza macho. Akasimama, akapunga kitambaa chake chekundu, akaita kwa sauti yake yote:

"Mpenzi! Huku!"

Ukumbi ukageukia mlangoni ukicheka, na watu wa kwenye ngazi wakainuka kutazama. Mgeni akaupa mgongo.

"Mpenzi!"

Hakutazama hata. Alitoka zake akaufunga mlango taratibu. Kicheko kilichofuata, mjukuu wangu anasema, kilimwingia mpaka kwenye mifupa.

"Shoga yangu," Redio akanong'ona, na kunong'ona kwake husikika safu nne, "huyo ana mtu mwingine saa za vipindi. Wewe anakutaka kwa ajili ya daftari tu."

Jioni simu iliita, Kiherehere hakupokea. Iliita kesho yake, akaizima. Tena akaacha kupeleka daftari kwa fundi wa kopi. Aliona amefungua mlango mmoja wa wizi, na sasa anaufunga.

Mgeni alipokosa sauti na kopi kwa pamoja, alikuja kumsubiri nje ya maktaba, saa za jua kali. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kuchukua kurasa?" Kiherehere alimwambia. "Zimekwisha."

"Nimekuja kukuuliza nimekosa nini."

"Nimekuita mbele ya ukumbi mzima ukaniacha nimesimama kama mlingoti! Na unauliza!"

Mgeni akasogea. Akamshika kiwiko, akamsogeza upande wa kulia, akainamisha kichwa.

"Rudia," alisema polepole. "Uliniita?"

"Mara mbili!"

"Sikukusikia. Sikio langu la kushoto limekufa tangu utotoni, niliugua. Hili la kulia linasikia ya karibu, na ya kwenye simu. Ya mbali yote ni upepo. Niliona umati ukicheka, sikuona kinachochekwa. Nikajua ni mimi, nikatoka."

Kiherehere akakumbuka mguu uliokanyagwa. Akakumbuka kuzungukwa kama jogoo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukiwaambia watu, wengine wanakupigia kelele kama wanafukuza ng'ombe. Wengine wanaacha kabisa kukutania, wanasema ya nini kujisumbua. Wewe ulikuwa unanitania."

"Basi ungekaa mbele!"

"Nilikaa. Wiki ya kwanza ya mwaka nilikuwa nawahi, naweka koti langu kiti cha mbele, mwisho kabisa wa kushoto, ili sikio zima lielekee kwa mwalimu. Halafu naenda kunawa uso. Siku moja nikarudi nikakuta koti limetupwa dirishani na kiti kina mtu. Kuna sauti ikasema jambo, watu wakacheka. Kesho yake nikaogopa kurudi. Nyuma sisikii kitu. Nikaona bora nisome kopi."

"Koti la rangi gani?" Kiherehere aliuliza.

"La kahawia. Kifungo kimoja chekundu. Mama alikosa cha kufanana akashona hicho."

Kiherehere aliketi palepale kwenye ngazi za maktaba. Kifungo kile alikishika kwa vidole vyake. Redio alikuwa amekosa pa kukaa, na Kiherehere ndiye aliyelitoa koti, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Kiti si shamba, mtu uweke alama uende zako!" Alijiona siku ile ametenda haki.

"Ni mimi," alisema. Akahama kidogo, akalisogelea sikio lile zima, akarudia. "Koti lako nililitupa mimi."

Mgeni akaketi naye kwenye ngazi.

"Kwa hiyo," Mgeni alisema, "ulinitoa darasani, halafu ukanipelekea darasa kwa kurasa."

"Nisamehe."

"Ukurasa mmojammoja. Na vikohozi ndani." Mabega yakaanza kumtikisika, na Kiherehere akadhani analia. Alikuwa anacheka. "Hakuna aliyewahi kuniambia darasa linacheka nini. Wewe tu, na hata ulikuwa hunijui."

Mchana uleule Mgeni alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa takwimu akamweleza. Mwalimu alimwambia: ingia vipindi vilivyobaki, mtihani utafanya, na nikitembea kwenda kulia, nikoholee.

Asubuhi ya kipindi, Kiherehere alimtangulia mwenye ufunguo wa ukumbi. Akakitandika kiti cha mwisho wa kushoto kwa kitambaa chake chekundu. Redio akalinda.

"Kiti kina mtu!" alimfokea kila aliyesogea. "Na ukikigusa, jina lako litafika mpaka bweni la mwisho."

Mgeni akaja, koti la kahawia mwilini, akakaa. Kipindi kikaenda. Katikati mwalimu akasema kuwa mkewe sasa anataka kufundisha darasa hili yeye, maana wanafunzi watahudhuria. Ukumbi ukaangua kicheko, na Mgeni akacheka nao, wakati uleule, hakuwa nyuma hata pumzi moja. Kiherehere aliinua kalamu aandike, "Hapa darasa zima lilicheka." Akaiweka chini. Hakukuwa tena na wa kumwandikia.

Mtihani Mgeni aliufanya, akafaulu. Jioni ya matokeo alipiga simu.

"Nina ombi, malkia."

"Sema."

"Nikija kwenu nikakae na bibi yako, nimwambie nakutaka ukae kuliani kwangu mpaka tuzeeke, atanikubalia?"

"Bibi anapenda watu wanaosikiliza."

"Basi kwa hilo nimezidi wote. Mimi nasikiliza kwa macho."

Alikuja. Nilimketisha kuliani kwangu bila kujua, akaomba radhi akahama, na nikampenda hapohapo. Jibu nililompa analijua.

Aliniambia jambo moja ambalo hata mjukuu wangu alikuwa halijui. Tangu utotoni alikuwa akilala amelilalia sikio zima, dunia nzima inazimika, hakuna wa kumcheka. Usiku ule wa simu ya matokeo alijilaza kama kawaida yake. Kisha akageuka upande wa pili, sikio zima likawa juu, asije Kiherehere akapiga tena akamkosa. Akasikia mvua ikianza kwenye bati, na watu wakikimbia chini ya dirisha lake wakicheka. Akalala.