Pumzi Chini ya Gitaa

Haya yalimkuta rafiki yangu Yonis, aliyekuwa akirekodi kanda mjini Garissa miaka ya tisini. Weris, mama mkimbizi wa Dadaab, alimletea kanda ya salamu aliyotumiwa na mwanawe kabla kijana huyo hajafa, amtolee nakala. Kanda tupu zilikuwa adimu. Yonis akaifuta ile ya Weris, akarekodia humo gitaa lake la nyuzi za nailoni.

"Joto limeiharibu, hooyo," alimwambia, akimwita mama kwa Kisomali.

Mama akaiacha kanda, akaondoka.

Yonis akafunga mlango, akavaa hedifoni, akaanza kusawazisha sauti. Chini ya gitaa palikuwa na pumzi. Akapunguza besi, pumzi ikazidi. Gitaa likaisha, pumzi ikabaki. Kisha kijana akasema, karibu kabisa na sikio:

"Hooyo, rudi. Si joto. Ni yeye."