Mkalimani wa Timu ya Viboko

"Kiboko asife kabla ya Jumamosi."

Sauti ilitoka ndani ya transista ya Philips, katikati ya matangazo ya vifo. Nekoye alikuwa ameketi juu ya sanduku la dawa kando ya uwanja. Alipitisha kidole chini ya betri, akabonyeza swichi ambayo Philips hawakuitengeneza.

"Rudia, Mzee," alimwambia mkubwa wake.

"Kiboko asife. Jumamosi lazima ale."

"Kiboko hana meno."

"Mtafutie."

Transista ikarudi kwenye vifo. Marehemu wa Yala. Marehemu wa Butere. Nekoye akaizima.

Mbele yake Viboko wa Kisumu walikuwa wanafanya mazoezi. Wapagazi wa bandarini, wakata miwa wa Muhoroni, wote wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia kama watu wanaoenda kuiba asali. Walikuwa wanacheza mpira wa Kiamerika. Mpira wenyewe una umbo la papai. Timu inapewa nafasi nne za kuusogeza yadi kumi. Ikishindwa, wengine wanauchukua.

Viboko walishindwa kila mara. Walikuwa wamecheza mechi tano na hawakuwahi kuvuka mstari wa adui.

Wazee wa klabu yenye uwanja walikuwa wamechoka kuona majani yao yakichimbwa bure. Walisema wazi: wakipigwa tena Jumamosi, uwanja unarudi kwa kriketi.

Mkufunzi wa timu alikuwa Mmarekani, Lyle Haskett. Mchana aliuza matrela ya kubebea miwa. Kwa siri aliuza bunduki. Ziliingia nchini ndani ya masanduku ya vifaa vya michezo, zikavuka ziwa kutoka Asembo Bay, zikaenda kuua watu ng'ambo. Shehena ya tatu ilikuwa inafika kwa treni Jumamosi.

Timu ikifa, Haskett hana sababu ya kupokea vifaa vya michezo Kisumu. Masanduku yatageuzwa njiani na kupita barabara ambayo hakuna aliyeijua.

Shehena ya pili ilifuatwa na Dishon, mpelelezi mwenzake Nekoye. Wavuvi walimtoa kwenye nyavu. Ofisi ilimwambia mkewe kwamba alizama akiogelea.

Dishon hakujua kuogelea.

Sasa ilikuwa zamu ya Nekoye. Haskett alihitaji mkalimani, kwa sababu vijana wake wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha. Nekoye alikuwa na Kiingereza, Kiswahili, Kibukusu, na Dholuo ya mitaa ya Kisumu alikozaliwa. Alikuwa pia na bastola ndogo ya Beretta chini ya bandeji za sanduku lake.

"Mara ya mwisho," Haskett alisema. "Waambie wajipange."

Nekoye akawaambia. Wakoli, aliyeshika usukani wa timu, akainama nyuma ya mstari.

"Go," akapaza sauti.

Mpira ukaja mikononi mwake. Ouma, aliyepaswa kukimbia pembeni kuupokea, hakukimbia. Alimrukia mtu wa karibu akamwangusha chini. Mpira ukaanguka peke yake, mbali, kwenye nyasi.

Haskett alivua kofia akaitupa.

Nekoye alimfuata Ouma na pamba na iodini. Mdomo wake ulikuwa umepasuka.

"Kwa nini ulimpiga?"

"Si niliambiwa nipige?"

"Nani alikuambia?"

"Wakoli. Amesema go."

Nekoye alisimama na pamba hewani.

Kwa Kiingereza, go ni nenda. Kwa Dholuo, go ni piga.

"Ouma, wewe hujui go ya Kiingereza?"

"Najua, dada. Kwani mimi nimetoka msituni?" Akapangusa mdomo. "Nikiwa nimekaa hapa hivi, najua. Lakini mtu akikupigia kelele nyuma ya shingo, unasikia lugha ya mama yako."

Obiero, mpagazi mwenye shingo kama ya fahali, alikuwa amelala kwenye nyasi karibu. Akacheka mpaka kofia ikatikisika, akamwita Nekoye msichana kwa Dholuo.

"Hata mimi, nyako. Nikisikia hiyo neno, mkono inaenda yenyewe. Na mimi niko pembeni, eti nikimbie. Nikimbie niende wapi na hii tumbo?"

Nekoye alimwendea Haskett, akamweleza. Mmarekani akaketi chini kama mtu aliyepigwa na jua.

"Basi tubadilishe neno," alisema.

"Usibadilishe neno. Badilisha watu."

"Vipi?"

"Waluo wote waweke mbele, kwenye mstari. Kazi ya mstari ni kugonga. Wabukusu waweke pembeni. Wao wakisikia go, wanasikia Kiingereza tu. Neno moja, kazi mbili."

Haskett alianza kuchora kwa kijiti kwenye vumbi.  Nekoye alimchunguza. Huyu mtu alikuwa amemtia Dishon majini, na hapa alikuwa anachora duara na mishale kama mtoto.

Aliupenda mchezo kweli. Hilo ndilo lililomchukiza Nekoye zaidi.

Walirudia. Wakoli akaita. Obiero na Ouma wakapasua mstari kama mlango wa mabati. Pembeni akatoka kijana mwembamba, mkata miwa wa Muhoroni aliyeitwa Wanyonyi.

Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyemkaribia.

Haskett alimkimbilia, akamshika mabega. Alisema maneno haraka, kisha akamgeukia Nekoye.

"Mtafsirie."



"Amesema ukikimbia hivyo Jumamosi, atakupeleka Amerika. Mahali panaitwa Ohio. Utasoma bure, utacheza mpira. Anawapigia simu wenye chuo leo."

Wanyonyi alimwangalia yeye, si Haskett.

"Dada, ni yeye anasema ama ni wewe?"

"Ni yeye."

"Mimi niliacha shule darasa la tano."

"Amesema watakufundisha."

Kijana akaangalia viganja vyake, vilivyochanwa na majani ya miwa.  Kuanzia siku ile alikimbia kama mtu anayefukuzwa na moto.

Nekoye alijua. Siku bunduki zitakaposhikwa, Haskett ataondoka, na Ohio itaondoka naye. Alikuwa ametafsiri ahadi ambayo kazi yake ilikuwa kuivunja.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Timu ya Nakuru ilikuja na basi, wazungu tupu, wakulima na walimu wa kujitolea, miguu kama nguzo za simu. Watu wa Kisumu walijaa pande zote. Hawakujua mchezo, lakini walijua nani ni wao.

Kipindi cha kwanza, hakuna aliyevuka.

Wakati wa mapumziko Obiero alitema damu, akatabasamu.

"Omera, ndugu yangu, hii mchezo ni tamu. Nimepiga mzungu mchana, na askari yuko pale anapiga makofi."

Wakacheka wote. Hata Wakoli, ambaye kidole chake kilikuwa kimegeuka.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaisha. Viboko walikuwa wamebakiwa na nafasi moja.

Wakoli akainama.

"Go."

Mstari wa Nakuru ukapasuka. Obiero aliangusha wawili kwa pamoja. Papai likaruka juu, likazunguka, likashuka mikononi mwa Wanyonyi, na Wanyonyi hakuonekana tena isipokuwa mgongo.

Alivuka mstari, akaendelea kukimbia mpaka kwenye ua wa klabu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mahali pa kusimama.

Uwanja ulifurika. Akina mama walipiga vigelegele. Nekoye aliinamia transista.

"Kiboko amekula."

"Vizuri. Masanduku yamefika stesheni. Mfuate."

"Nani atanisaidia kule?"

"Watakuja."

"Lini?"

Transista ikasoma marehemu wa Maseno.

Haskett hakupoteza wakati. Aliwaambia vijana kuna karamu ya ushindi Asembo Bay, na njiani wapitie stesheni kuchukua kofia mpya. Walipakia masanduku kwenye lori la Bedford wakiimba. Yeye akatangulia na Peugeot 404. Nekoye akapanda nyuma ya lori pamoja nao, sanduku la dawa mapajani.

Kisian wakaacha barabara ya Busia, wakashika ya Bondo. Vumbi likawajaa midomoni. Wimbo haukukatika.

Wanyonyi aliketi karibu na Nekoye.

"Dada, Ohio kuna ziwa?"

"Sijui."

"Nitauliza yeye."

Asembo Bay, mahali pa mbali na soko la samaki, mashua ndefu yenye injini ya Evinrude ilikuwa inangoja kwenye matete. Watu wawili walikuwa ndani. Mmoja alikuwa na kitu kirefu kimefunikwa gunia.

"Haraka," Haskett aliwaonyesha kwa mikono. "Wekeni ndani ya mashua."

Obiero na Ouma wakabeba sanduku la kwanza. Nekoye akashuka upande wa pili wa lori, akafungua sanduku la dawa, akatoa bandeji, akatoa Beretta.

Mtu wa mashua alimwona. Gunia likaanguka.

Nekoye alifyatua mara mbili.

Risasi ya kwanza ilitoboa tangi la petroli. Ya pili ilimpata mtu huyo begani, bunduki yake ikaenda majini. Mwenzake hakungoja. Alijitosa. Aliyeumia naye akajitosa, wakapotea kwenye matete.

Obiero aliachilia sanduku. Likagonga jiwe, likapasuka.

Hapakuwa na kofia ndani.

Haskett alitia mkono ndani ya koti. Alipoutoa, Beretta ilikuwa tayari kwenye shavu lake.

"Polepole," Nekoye alisema kwa Kiingereza. "Hii ni kwa ajili ya Dishon."

Bastola ya Haskett ikaanguka mchangani. Nekoye alimfunga pingu kwenye mlango wa Peugeot. Kisha akachukua transista.

"Kiboko amelala. Masanduku yote yapo."

"Kazi nzuri. Gari ziko karibu kukufikia. Haskett asiguswe. Anapelekwa uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege?"

"Ana marafiki wakubwa. Kwao na kwetu."

"Na bunduki ni za nani?"

"Kuna vijana waliobeba, sivyo?"

Nekoye aliwaangalia. Walikuwa wamesimama na jezi zao zenye damu na majani, mabingwa, midomo wazi.

"Hawakujua, Mzee."

"Wamwambie hakimu. Wewe hukuwa hapo."

Sauti ikakatika.

Mbali, upande wa barabara, vumbi lilikuwa linainuka.

"Vueni jezi," Nekoye alisema. "Ondokeni. Piteni matete, msipite barabarani. Wanaokuja wanatafuta watu wa kufunga."

Obiero hakuuliza. Maisha ya bandarini yalikuwa yamemfundisha kuondoka.

"Nyako, kumbe wewe ni serikali."

"Nenda, Obiero."

"Naenda. Lakini karamu ilikuwa mbaya."

Wakatawanyika. Wakoli, Ouma, wengine wote.

Wanyonyi alibaki.

"Mimi nangoja mkufunzi."

"Wanyonyi, umeona kilicho kwenye sanduku."

"Nimeona. Hayo ni mambo yake. Ohio ni mambo yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima. "Muulize, dada. Ni kweli ama si kweli? Akisema ni kweli, nakaa hapa niwaeleze wakubwa wanaokuja."

Vumbi lilikuwa limepita miti ya mwisho. Nekoye akamgeukia Haskett, akauliza.

Mmarekani alimwangalia kijana. Uso wake ulilegea.

"Mwambie ni kweli. Walijibu jana. Wanamtaka Septemba, mimi niwepo nisiwepo. Mwambie amwone mchungaji wa kanisa langu Nairobi, barua iko kwake."



Akiambiwa ukweli, angekaa. Akikaa, angeingia gerezani na bunduki za mtu mwingine. Waliokuja hawakuwa wanatafuta mtu wa kusema kweli.

"Anasemaje?"

"Anasema hakujui."

"Nimesikia Septemba."

"Anasema Septemba atakuwa amerudi kwao, na wewe utakuwa unakata miwa. Hakuna Ohio, Wanyonyi. Hakuwahi kukuahidi. Mimi ndiye niliyeongeza, ili ukimbie. Tulihitaji mshinde."

 Wanyonyi hakulia. Alivua jezi polepole juu ya kichwa, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mchanga mbele ya miguu ya Nekoye.

"Wewe ni mtu wa kwetu," alisema kwa Kibukusu. "Huyu ni mgeni, angenidanganya ningesamehe."

Akatembea kuelekea matete. Hakukimbia hata kidogo.

Haskett alivuta pingu. "Anaenda wapi? Umemwambia nini?"

 Land Rover mbili zilisimama kwa kishindo. Maafisa wakashuka na bunduki, wakaangalia ufuo mtupu, lori lisilo na mtu, mzungu mmoja.

"Vijana wako wapi?" mkubwa wao aliuliza.

"Vijana gani? Mimi sikuwa hapa."

Alirudisha Beretta chini ya bandeji, akafunga sanduku la dawa, akalitia kwapani. Nyuma yake walikuwa wanamfungulia Haskett pingu na kumwuliza kama ameumia.

Nekoye alipanda kilima kuelekea barabara ya Kisian, hatua za mtu anayetoka kazini, bila kugeuka. Ilibaki miezi mitano kufika Septemba. Alijua njia ya Muhoroni, na alijua barua iko kwa nani.

Alijua pia kwamba Wanyonyi hatamwamini tena akifungua mdomo.