Kiu ya Baba

Kila asubuhi kabla ya shule nilimsaidia Baba kuvuta kitambaa cha makochi huku yeye akipigilia misumari. Baba ni fundi makochi, na mikono yake ilisifika mtaa mzima. Sasa ilikuwa inatetemeka. Alikuwa akichomwa sindano kila wiki kutibu virusi vya homa ya ini, na kila kukicha alizidi kukonda.

Shangazi aliamini dawa ni utamu. "Ini linataka sukari," alisema, akikoroga glukosi jagi zima. Mtaani kwetu kila mgonjwa wa ini hunyweshwa hivyo. Baba alikunywa, akaenda chooni, akarudi na kiu ileile.

"Shangazi, hii kiu si ya kawaida. Tumwambie daktari."

"Ebo! Tangu lini umekuwa daktari wewe?"

Baba naye akanikatiza. "Ukisema, watanikatishia sindano na nisipone. Funga mdomo wako."

Nilikasirika hadi nikalia. Wakubwa hutuchapa tukidanganya, kumbe wao uongo ni ruksa!

Siku ya kliniki tulimsindikiza. Daktari akamuuliza, "Unaendeleaje, mzee?"

"Salama tu, daktari."

Salama, naye ameegemea ukuta asianguke! Nikashindwa kuvumilia.

"Si salama! Anakunywa maji usiku kucha, anakojoa kila mara, na Shangazi anamjaza glukosi!"

Baba alinikazia macho. Nami nikamkazia yangu.

Daktari akamtoboa kidole na kupima damu. Akakunja uso. "Sukari imepanda vibaya sana. Mngechelewa, tungempoteza."

Baba alilazwa palepale. Alipopata nafuu, daktari alituita kitandani.

"Sindano zile huamsha kinga ya mwili ipigane na virusi," alisema. "Kwa wachache, kinga hukosea njia, ikashambulia kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini ya kushusha sukari mwilini. Ndicho kisukari chako, mzee, na glukosi ilikizidisha. Utachoma insulini kila siku, na matibabu ya ini tutayapanga upya. Hiyo ni kazi yetu. Kazi yako ni kusema kweli. Mficha maradhi kilio humfichua, na huyu mtoto ndiye aliyewaepusha na kilio."

Shangazi aliinama.

"Bado nimekukasirikia," Baba aliniambia.

"Na mimi pia nimekukasirikia, Baba."

Akaninyooshea mkono nimwinue.