Mke wa Kaleli

Ubao wa matangazo ulikuwa mtupu. Inspekta Kimeu alisimama mbele yake, kwenye baraza ya ofisi ya serikali mjini Thika, Jumatatu moja ya mwaka 1957, akajiuliza ni mwizi gani huyu mwenye adabu kiasi hiki. Karatasi zote tatu zilikuwa zimetoweka, lakini pini zilipangwa safi kwenye ukingo wa ubao kama vijiko vilivyooshwa.

"Zilihusu nini?" aliuliza.

"Bei ya mahindi, chanjo ya ng'ombe, na ndoa," alijibu karani Waweru, jasho likimtoka. "Hilo la ndoa ndilo balaa, afande."

"Balaa gani?"

"Wawili wakitaka kuoana kwa pete, huja hapa. Hutoa majina, umri, makao, na kama mmoja wao alishaoa au kuolewa. Aliye chini ya miaka ishirini na mmoja sharti baba yake akubali. Kisha tangazo hukaa ubaoni wiki tatu, mwenye pingamizi ajitokeze. Likitoweka kabla, cheti hakuna. Tunaanza upya."

"Wenyewe ni nani?"

"Simeon, wa kiwanda cha mikebe. Anahamishwa Mombasa mwisho wa mwezi, alitaka aende na mke. Mchumba ni Ndila, wa Gitothua, kule Ruiru."

Kimeu alikagua ubao polepole. Mtu mwenye wivu angechukua tangazo moja. Huyu alizoa yote. Kwa nini? Kwa sababu hakujua lake ni lipi. Hakujua kusoma! Na kwenye msumari palinasa uzi wa mkonge, mwekundu, uliosokotwa kwa kuviringishwa pajani. Mama yake mwenyewe, kule Machakos, alisokota hivyo akisuka vyondo, vile vikapu vya Kikamba.

"Wasiojua kusoma husomewa na nani?"

"Mimi. Kila Ijumaa, kwa sauti."

"Ijumaa iliyopita, mama yeyote alikuuliza neno?"

Waweru alikuna kichwa. "Mmoja, na kyondo chake. Aliniomba nirudie la ndoa. Nikarudia: Ndila, hajapata kuolewa. Akaondoka hata asante hakuna."

Kimeu aliingia Landrova, akaelekea Ruiru.

Alimkuta Ndila akianika shuka nje ya chumba cha kupanga. Mtoto wa kiume, wa miaka mitatu hivi, alikuwa ameng'ang'ania gauni lake.

"Ndila, umewahi kuolewa?"

"Hapana, afande."

"Mimi ni Mkamba kama wewe. Achana na maswali ya ofisini. Mbuzi wa ntheo waliletwa kwenu?"

Shuka ilimponyoka ikaanguka vumbini. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo wakishapokelewa, binti ni mke wa mtu, na mjadala umekwisha.

"Waliletwa."

"Na nani?"

"Mama mmoja, mwaitu Mbithe. Kwa jina la Kaleli, mwanawe."

"Kaleli yuko wapi?"

"Alifia vitani, Burma. Mimi nikiwa mtoto. Sikupata kumwona, afande. Hata picha."

Kimeu alivua kofia. Aliijua desturi hiyo. Mama aliyefiwa na mwana asiyeacha mtoto humwolea mke, jina lisizimike. Mke huzaa na mwanamume mwingine, na wanaozaliwa huitwa wa marehemu.

"Na mtoto huyu?"

"Simeon ndiye aliyemzaa. Lakini ni wa Kaleli." Machozi yalianza kumtiririka. "Simeon alikuja kwa hilo tu, kumpa Kaleli mtoto. Sisi wenyewe ndio tuliopendana."

"Mwache msichana!" sauti ilitoka ndani. Mwanamke mzee alijitokeza mlangoni, vidole vyekundu kwa rangi ya mkonge. Alikuwa Mbithe. "Ni mimi niliyezichukua."

Alitoa karatasi tatu kwenye kyondo, zimekunjwa vizuri.

"Ulitaka kuzuia harusi, mwaitu?"

"Harusi? Salaale! Huyu bado kijana, nimzuie ili iweje? Simeon ni mtu mwema. Lakini yule karani alisema hajapata kuolewa. Mbele ya watu! Nikamwomba arudie, labda nimekosea. Akarudia." Alimkabidhi Kimeu zile karatasi. "Mbuzi niliwapeleka kwa miguu yangu, Inspekta. Mwanangu hana kaburi. Hawakunirudishia hata kifungo cha shati lake. Hakuacha kitu duniani ila mke huyu niliyemtafutia. Nikasema neno lile halilali pale ubaoni."

"Tangazo huwekwa ili mwenye neno aje aseme."

"Basi nasema. Waandike mjane wa Kaleli."

Kimeu alitamani ombi hilo lingemwangukia mtu mwingine.

"Sheria yao haimjui mume aliyeoa akiwa ameshakufa. Ndila akiapa ni mjane, wataita uongo, na uongo huo una jela. Tangazo jipya litasema vilevile."

"Niliwaambia, mwaitu!" Ndila alilia. "Wakaniuliza mume alikufa lini, mbuzi wakaja lini. Nilipojibu, wakanitazama kama mgonjwa."

Mbithe alimgeukia mtoto. "Na huyu?"

"Atakwenda na mama yake," Kimeu alisema, akiichukia sauti yake mwenyewe. "Simeon atatangulia Mombasa. Cheti kikitoka, watamfuata."

Mama yule aliketi kizingitini polepole. Alimvuta mjukuu, akamfuta kamasi kwa ncha ya leso.

"Huyu halali usingizi asipokunwa mgongo," alimwambia Ndila. "Mwambie Simeon."

"Sitakushtaki, mwaitu," Kimeu alisema. "Nitaripoti karatasi zimepatikana."

Ndila alipiga magoti mbele ya Mbithe, akamshika mikono yote miwili.

"Njoo kanisani siku ya harusi. Nakuomba. Ukae mbele kabisa."

"Wakiniuliza mimi ni nani?" Mbithe aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kuelekezwa. "Bwana arusi sikumzaa. Wewe sikukuzaa. Na mkwe wangu huwezi kuwa, maana hukuolewa. Nije kama nani, Ndila?"

Ndila alimlalia mapajani, akalia kwa sauti mpaka mtoto naye akaanza kulia.