Kodi ya Kompyuta

“Tilapia tisa, kichwa kimoja.”

Sauti ilitoka katika Motorola iliyolala chini ya samaki.

Ornella Katungu aliweka kisu chini. Katika Idara maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: acha kila kitu, watu wanakaribia kufa. Nani aliyatunga, hakuna aliyejua. Huenda alikuwa na njaa siku hiyo.

Jasusi namba kumi na saba alivua aproni, akapangusa magamba mikononi, akazamisha mkono ndani ya beseni na kutoa bastola yake ya Makarov. Ilinuka kijiji kizima cha wavuvi cha Kyavinyonge. Faida yake ni kwamba hakuna askari wa kizuizi cha barabarani aliyewahi kupekua beseni hilo kwa moyo mmoja.

Alitoka sokoni Butembo, akawasha pikipiki yake ya TVS na kupiga simu Beni.

“Chef.”

“Furu ni mbali na wewe?” Ilikuwa sauti ya Delphin, mkuu wake.

“Dakika tano.”

“Fanya tatu. Ni Gérard, ule muzungu mwenye anaombaka batu nguvu ya ma-ordinateur yabo.”

Nani asiyemjua Gérard? Kwa miezi minane alikuwa amezunguka parokia na mahekalu ya Butembo na Beni, akieleza habari njema kwa upole wa kasisi. Kompyuta yako inalala bure mchana, alisema, na paneli ya sola iko juani. Iazime kwa utafiti wa akili bandia. Kompyuta mia mbili zikishikana zinakuwa kichwa kimoja kikubwa, na kichwa hicho kitajifunza kusema Kinande. Watu wasiomwazima jirani jembe bila mashahidi wawili walimwazima Gérard kompyuta zao. Kila aliyejitolea alipewa fulana.

“Éliakim wa bureau amefungua ordinateur ya tantine, dada ya mama yake,” Delphin aliendelea. “Hakuna Kinande mule. Ziko navunja code ya radio ya ba soldat. Kila nyumba na kipande yake.”

Ornella alifunga breki.

Msafara wa magari arobaini ulikuwa umetoka Beni alfajiri kwenda Kasindi, chini ya ulinzi wa jeshi. Lori moja lilikuwa limezama topeni na kuziba barabara. Tangu saa moja askari walikuwa wakisema kwa redio, kwa msimbo wa siri, wako wangapi, na upande gani wa msafara hauna mtu. Porini kulikuwa na watu wenye mapanga na bunduki walionasa kila neno. Walisikia bila kuelewa.

Bado.

“Renfort, ba soldat bengine, inafika kule saa tano juste,” Delphin alisema. “Bakielewa mbele ya saa tano, batapitia fasi yenye haina soldat. Unipatie mpaka saa tano. Na mu bus ya tatu…”

“Minajua nani iko mu bus ya tatu.”

Alikuwa Victoire, dada yake, na mtoto wa miezi minne mgongoni.

Ilikuwa saa nne na dakika tatu.

*

Aliingia nyumbani kwa Gérard, mtaa wa Furu, kupitia dirisha la jikoni. Mlinzi aliyemkuta kwenye korido alipigwa na sufuria, kwa kuwa sufuria ilikuwa karibu zaidi.

Gérard alikuwa mezani na kahawa yake. Mbele yake kioo kikubwa kilionyesha namba mbili.

Nyumba: 212.

Asilimia: 94.

Aliangalia Makarov, kisha akakunja pua.

“Karibu, mama wa samaki. Kiti kile pale.”

“Zima.”

“Piga risasi ukitaka. Hicho ni kioo tu.” Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha walimu wengi. “Kazi inafanyika majumbani. Ikiisha, jibu linaenda porini lenyewe. Mimi mwenyewe siwezi kuisimamisha.”

“Na mutu akizima ya kwake?”

“Ikizimwa, au ikikatwa mtandao kabla ya mwisho, programu inafuta alama zake. Inafuta na kila kitu kingine kilichomo. Picha, barua, vyote.” Alikunywa kahawa. “Lakini nani atazima? Utabisha hodi mara mia mbili na kumi na mbili?”

Ornella alimfunga kwenye kiti kwa fulana tano za kujitolea. Zilikuwa imara. Alichosifiwa nacho Gérard mjini kilikuwa kweli: hakununua vitu vya ovyo.

Asilimia 95.

Alifikiri. Jeshi lingefika kila nyumba kesho kutwa. Redio ya mji ingetangaza hatari, na kila baba wa nyumba angeuliza kwanza nani amesema, halafu angeenda kuangalia jirani amefanya nini, halafu wangekaa kujadiliana hadi magharibi. Butembo si mji wa kukurupuka.

Isipokuwa kwa jambo moja.

Alitoka kwenye korido, akampigia Florentine, mkuu wa wauza samaki wote wa soko.

“Mama Florentine, bonjour. Ni kweli banahesabia ma-ordinateur?”

“Nani banahesabia?”

“Bale ba taxe. Minasikia batatokea Kimemi, nyumba kwa nyumba. Yenye banakuta inawaka, banaiandika.”

Kikasikika kishindo cha kitu kizito kinachosukumwa chini ya meza.

“Hata ya batoto ya masomo?”

“Yote.”

“Bezi hawa. Minakata, niko na batu ba kupigia.”

“Na Beni?”

“Tamar, mwenzangu wa samaki, iko kule Bungulu. Mama, usinifundishe kazi.”

Ornella alirudi, akasimama mbele ya kioo.

212.

212.

209.

Mji huu ulijengwa na watu wanaoweza kufunga duka na kupotea kabla mtoza ushuru hajamaliza kushuka kwenye gari. 171. Nje milango ya mabati ilifungwa kwa kishindo mmoja baada ya mwingine, kushuka mtaa mzima. 120. Dirishani alimwona mwanamume mzima akikimbia na kompyuta mgongoni, imefungwa kwa kitenge, akiipigapiga kama mtoto anayelia. Wakati mwingine angecheka.

88.

Kila namba iliyoanguka ilikuwa picha za harusi ya mtu. Tasnifu ya mtu. Uso wa marehemu ambao haukuchapishwa popote. Hakuna kati yao aliyeulizwa. Ornella aliacha kusoma namba.

Gérard naye alikuwa ameacha kahawa yake.

“Umewaambia nini?”

“Ukweli wenye banapenda kuamini.”

Aliporudisha macho, kioo kilisema: Nyumba: 1. Asilimia: 98.

Haikushuka tena.

“Vipande vyote vilivyobaki sasa vinaenda kwake,” Gérard alisema polepole. “Mashine yake ni nzuri. Nilimpa mimi mwenyewe.”

Chini ya namba kulikuwa na jina. Abdias, mtaa wa Vulamba.

Saa nne na dakika thelathini na tisa.

*

Abdias, mkurugenzi mstaafu wa shule, alikuwa ameketi mlangoni kwake na shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu. Mapajani alishika bahasha. Katika mtaa mzima mlango wake peke yake ulikuwa wazi.

“Wewe ndiye wa taxe?” aliuliza. “Ingia, mama. Risiti zote ziko hapa. Bajirani banaficha, mimi hapana. Mu hii nyumba hatufichake kitu.”

“Papa, siko mutu wa taxe. Ordinateur iko wapi?”

Ilikuwa sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya mwanamke mwenye kilemba. Feni yake ilivuma kama mtu anayepanda mlima.

Asilimia 99.

Ornella alieleza kwa sentensi nne. Redio. Porini. Msafara. Saa tano. Mzee alisikiliza kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi amalize kutoa visingizio.

“Bon,” alisema. “Mais mule kuna sauti ya Eliane, muke wangu. Alisema hadithi makumi ine mu Kinande, juu ya projet. Alikaa hapo, kwenye hicho kiti. Anacheka, anakosea, anaanza tena.” Aligusa mgongo wa kiti. “Mwaka jana balimukuta ku shamba, kando ya Beni. Balimukata na panga. Tulimuzika na sanduku yenye haikufunguliwa. Donc minabaki na hiyo tu.”

“Hakuna fasi ingine uliiweka?”

“Muzungu alisema iko salama mule, kama sizimi.”

Saa nne na dakika hamsini na mbili.

Makarov ilikuwa kiunoni. Angeweza kumsukuma; mzee hakuwa na kilo hamsini. Lakini Abdias alikuwa amekwishasimama kati yake na meza, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka thelathini mbele ya madarasa.

“Nani wako iko mu convoi?” aliuliza.

Ornella hakukumbuka kusema kuwa ana mtu.

“Dada yangu. Na mutoto wake.”

Mzee aligeuka, akaangalia mashine. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe, kikasimama juu yake.

“Nikizima, sauti itabaki?”

Asubuhi hiyo Ornella alikuwa amedanganya miji miwili kwa simu moja, bila kutoka jasho. Mtu mmoja zaidi si kitu.

“Itabaki, papa.”

“Unasema ya kweli?”

“Mimi ni mutu wa serikali.”

Abdias alikubali kwa kichwa. Alibonyeza, akahesabu kwa sauti hadi tano. Feni ilishuka mlima, ikanyamaza.

Ornella aliangalia saa. Nje kuku mmoja alikuwa akiparua mchanga.

Saa tano na dakika sita Motorola ilikohoa.

“Kumi na saba, unasikia?”

“Nasikia.”

“Renfort imefika. Camion imetoka mu matope. Convoi inatembea.”

“Bus ya tatu?”

“Inatembea. Na ba soldat bamefika kwa Gérard, bamemukuta na fulana zake. Kazi nzuri. Leta rapport kesho.”

Ornella alivaa miwani ya jua. Jasusi akimaliza kazi haharakishi, ndivyo walivyofundishwa. Alipita bahasha ya risiti, akapita mlango uliokuwa wazi.

“Mama,” Abdias aliita. Alikuwa akipangusa kifuniko cha kompyuta kwa mkono wa shati, taratibu, pembe kwa pembe. “Sasa hakuna hatari tena. Niwashe?”

“Ngoja kwanza, papa. Ngoja mpaka jioni.”

“Saa ngapi?”

Alikuwa amefika barabarani. Hakugeuka.

“Saa kumi na mbili,” alisema, akaendelea kutembea, polepole, mkono mmoja mfukoni.