Ukungu Ndani ya Mkebe

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni, akaingia studio ya babu yake kukagua vipakiti. Ndani ya kila kipakiti mlikuwa na chembechembe za kunyonya unyevu. Zikiwa kavu zilikuwa za buluu, zikishiba maji ziligeuka kuwa za waridi. Zile za waridi Chiriku alizimwaga kwenye kikaango, akazikoroga juu ya moto mdogo mpaka buluu irudi, kisha akazipanga upya ndani ya mikebe ya mikanda ya picha. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikumzuia kuongea. Jina la Chiriku hakupewa bure. Alianza kuongea akiwa bado mlangoni, na mdogo wake, Kitinda, aliapa kwamba hata usingizini dada yake haachi.

Babu alikuwa mpigapicha wa siku nyingi, na bado alitumia kamera za mikanda. Mikanda aliyokwisha kuisafisha aliitunza kwenye friji dogo pembeni mwa studio. "Joto huuchosha mkanda, unyevu huula," alizoea kusema. Alikuwa pia na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: mkebe ukitoka kwenye friji haufunguliwi papo hapo. Unawekwa mezani mpaka upate joto la chumba, la sivyo hewa ya nje itageuka maji juu ya mkanda kama inavyofanya kwenye chupa ya soda baridi. Babu hakutumia kipimo. Aliugusisha mkebe shavuni mwake. "Ukiuma shavu, uache," alisema.

Mkebe mmoja wa kijani ulikaa nyuma kabisa. Humo ndimo alimokuwa mama yao.

Mama alifariki Kitinda akiwa mchanga. Picha zake zilizokuwa ukutani ziliharibiwa na mchwa, zikabaki za kwenye mkanda tu. Nyumba ya mpigapicha ikakosa picha ya binti wa mpigapicha. Babu aliahidi kuzisafisha upya kesho, kisha wiki ijayo, kisha mvua zikiisha. Kila mtu nyumbani alijua kwamba moyo wake ulikuwa hauwezi.

Alasiri moja ya mvua na fukuto, Babu akiwa ametoka kwenda kupiga picha za harusi, Kitinda alikuja akasimama karibu na kikaango.

"Dada, nikimwona mama njiani, nitamjua?"

Chiriku, ambaye hakuna swali lililowahi kumshinda, aliendelea kukoroga chembechembe zilizokwisha kuwa za buluu. Kitinda akangoja kidogo, akarudi barazani kucheza.

Swali lile halikumtoka Chiriku. Alifungua friji, akautoa mkebe wa kijani, akaugusisha shavuni. Uliuma. "Mara moja tu," alijiambia. "Nitafute picha iliyo nzuri, kisha nimwite Kitinda." Akaufungua, akainua kipande cha kwanza cha mkanda dirishani. Pale, cheusi kikiwa cheupe na cheupe kikiwa cheusi, mama yake alikuwa anacheka.

Kabla hajamtazama vizuri, mvuke ulitanda juu ya uso ule. Matone madogo yakaanza kuota. Chiriku aliingiwa na hofu, akaufuta mkanda kwa upindo wa gauni lake. Alipotazama vile vilivyobaki mkebeni, navyo vilikuwa vinatoa jasho. Mara akasikia kikohozi cha Babu barabarani. Akavisukumiza vipande ndani vikiwa majimaji, akafunga mkebe kwa nguvu, akaurudisha kwenye friji. Kile cha kwanza kilikuwa bado mkononi mwake. Alikimbia nacho chumbani, akakichomeka nyuma ya kioo kilichoning'inia ukutani.

"Nitamwambia jioni," alijiambia. Jioni Babu alikuwa amechoka. Kesho yake alikuwa na furaha, na Chiriku hakutaka kuiharibu. Kadiri siku zilivyopita, maneno yalizidi kuwa mazito. Umeme nao ukawa unakatika ovyo, friji likageuka kabati la joto, na kila lilipozimika Chiriku aliuwaza ule mkebe wa kijani akakosa raha. Akanyamaza. Nyumba nzima ikapoa.

"Chiriku, umemeza nini?" Babu alimtania.

"Kichwa kinauma, Babu."

Mvua zilipokaribia kuisha, Kitinda alimuuliza Babu swali lile lile. Mzee aliweka kikombe chake chini. Kisha akaenda studio, akautoa mkebe wa kijani na kuuweka mezani. Wajukuu walikaa kando wakingoja, Kitinda akichezesha miguu, Chiriku akikwepa kuutazama mkebe. Baadaye Babu aliugusisha shavuni, akatikisa kichwa kukubali, akaufungua.

Harufu ya nguo zilizosahauliwa ndooni ikajaa chumbani. Vipakiti vyote vilikuwa vya waridi. Vipande vya mkanda vilikuwa vimegandamana, vimeota ukungu kama mkate wa zamani. Babu alijaribu kutenganisha viwili, uso wa picha ukabanduka na kubaki kwenye vidole vyake.

"Vipakiti vya mkebe huu nilivikausha mwenyewe siku zote," alisema polepole. "Sikumwachia mtu. Basi macho yangu yamekwisha. Nimempoteza mwanangu mara ya pili."

Kesho yake hakufungua studio. Mteja aliyebisha hodi aliambiwa atafute mpigapicha mwingine. Chiriku alimkuta Babu akilishusha pazia la rangi ya anga ambalo watu walizoea kupigiwa picha mbele yake.

"Kwa nini unalitoa, Babu?"

"Mzee anayeozesha mikanda ya binti yake ataaminiwa na nani, mjukuu wangu?"

Hapo Chiriku alitambua kwamba amepona. Hakuna aliyemshuku, wala hakuna ambaye angemuuliza kitu. Kumwona Babu akikunja pazia lile kulimuuma kuliko kiboko chochote.

"Si wewe, Babu!" alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Niliufungua ukiwa bado unauma shavu. Mikanda ikaloa, nikaifungia hivyo hivyo. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua kabisa!"

Babu aliketi juu ya kigoda cha wateja. Hakupiga kelele, na Chiriku alitamani apige.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema hatimaye, "ningeitundika kwenye kamba. Hewa ingeikausha, tungekunywa chai, tungesahau. Hakukuwa na hasara yoyote siku ile."

Maneno hayo yalimkata maini. Alilia mpaka akashindwa kuvuta pumzi. Kisha akakumbuka.

"Kuna kimoja, Babu. Sikukirudisha."

Alikimbia chumbani, akarudi na kipande kile cha nyuma ya kioo. Kilikuwa kimejikunja na kushika vumbi, lakini kilikuwa kikavu. Babu alikipuliza taratibu, akakiinua dirishani.

"Huyu hapa," alinong'ona.

Mchana huo aliwaita wote wawili kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Karatasi nyeupe ilizama kwenye trei ya dawa. Polepole yakatokea macho, paji la uso, nywele. Mahali pa mdomo palikuwa na mchirizi mweusi, pale upindo wa gauni ulipokwaruza.

"Chiriku," Babu alisema bila kuondoa macho kwenye trei, "kukosea unakosea, hata mimi nimeharibu mikanda mingi. Kilichotuponza ni kufunika. Ile uliyoifungia imeoza, na hiki kilichokaa penye hewa kimepona. Ukikosea tena, njoo uniambie kosa likiwa bado bichi. Nitakasirika, lakini nitajua la kufanya." Akaitikisa trei kidogo. "Mimi nami nilimfungia mama yenu humo miaka yote kwa kuogopa kumtazama. Tungekuwa na picha zake kila ukuta."

Kitinda alikuwa ameinama juu ya trei, pua ikikaribia kugusa dawa.

"Mdomo wake uko wapi?"

Babu alimtazama Chiriku, akamwachia ajibu mwenyewe.

"Niliufuta mimi," Chiriku alisema. "Nilivunja sheria ya Babu, nikaufuta. Nisamehe."

Kitinda alifikiri. "Haya, niambie. Ulikuwaje?"

Chiriku alijifuta machozi, akavuta pumzi, akaanza kuongea. Aliongea juu ya meno yaliyoachana kidogo mbele, na kile kicheko kilichoanza kabla ya mzaha kwisha. Aliongea mpaka picha ikakauka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.